SOMO LA ROBO HII: Televisheni Mpya, Amplifaya ya Zamani



Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha somo dogo ambalo tumelipata kwa gharama. Linahusu sauti ya video katika kumbi zetu. Huenda baadhi yenu mtasema hilo ni jambo la mafundi, si la kamati. Nasi tulidhani hivyo, hadi siku tulipokaribia kuidhinisha fedha za kununua amplifaya mpya wakati ile ya zamani ilikuwa nzima kabisa.

Ilivyotokea

Katika ukumbi mmoja tunaoutumia kwa mafunzo ya afya ya mama na mtoto kuna amplifaya na spika mbili kubwa. Vyombo hivi vilinunuliwa kwa michango ya waumini wenyewe, jumuiya kwa jumuiya. Kwa miaka mingi vilifanya kazi vizuri na televisheni ya zamani, ile yenye mgongo. Ilipoharibika tukapata televisheni bapa. Picha ilikuwa safi na kila mtu alifurahi.

Tulipogeuza televisheni ile ili tuunganishe amplifaya, hatukuyaona yale matundu mawili tuliyoyazoea, jekundu na jeupe. Basi tukaendelea na sauti ya televisheni yenyewe, inayotoka kwenye vispika vidogo vilivyoko nyuma na kuelekea ukutani. Somo la siku hiyo lilikuwa dalili za hatari kwa mama mjamzito. Kipindi kilipokwisha mwezeshaji aliuliza maswali. Mistari ya mbele ilijibu, ya nyuma ikanyamaza. Mama mmoja mtu mzima alituambia waziwazi kwamba wao wa nyuma walitazama midomo tu.

Maneno yale yalituumiza. Kina mama wale walikuwa wametembea mbali kuja kusikiliza. Kamati ilikutana, na pendekezo la kwanza likawa kuuza amplifaya ya zamani na kununua mpya. Kabla ya kupiga kura, mjumbe mmoja aliomba kwanza tujue ni kitu gani hasa kimekosekana. Ombi hilo ndilo lililotuokoa.

Sauti ya namna mbili

Sauti hutoka kwenye chombo cha video kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya analojia. Hapa umeme hupanda na kushuka kwa kufuata mawimbi ya sauti yenyewe. Hii ndiyo inayopita kwenye waya mwekundu na mweupe, na ndiyo amplifaya ya zamani inayoielewa.

Namna ya pili ni ya dijitali. Hapa sauti imepimwa na kuandikwa kwa namba. Kwenye CD ya muziki hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kwenye video za DVD kwa kawaida mara 48,000. Televisheni nyingi mpya hutoa sauti yake kwa namba hizi.

Ukiipelekea amplifaya ya zamani namba hizo, ni kama kumsomea mtu barua kwa lugha asiyoijua. Mtu huyo si kiziwi, ila anahitaji mkalimani. Kigeuzi sauti ndiye mkalimani huyo. Ni kijisanduku kinachoenea kiganjani. Upande mmoja kinapokea namba, upande wa pili kinatoa sauti ya stereo kupitia matundu mekundu na meupe.

Hatua za kufuata

1. Hakikisheni kwanza kama kigeuzi kinahitajika. Deki nyingi za DVD na ving'amuzi vingi vina matundu mekundu na meupe ya kutolea sauti. Kama video inatoka huko, pelekeni sauti moja kwa moja kwenye amplifaya, na picha peke yake iende kwenye televisheni. Televisheni nyingine zina tundu la hedifoni, nalo linatosha kwa waya wenye pini moja ndogo upande mmoja na mbili upande wa pili. Hapo mtakuwa mmenunua waya tu.

2. Tambueni tundu la dijitali mlilo nalo. Kuna aina tatu za kawaida:

- Tundu la mwanga, lililoandikwa OPTICAL. Ni dogo, lenye umbo la karibu mraba, na ndani huonekana mwanga mwekundu televisheni ikiwa imewashwa. Njia hii ilianzishwa na kampuni ya Toshiba mwaka 1983. Ondoeni vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha za waya kabla ya kuuchomeka. Msiukunje wala kuulazimisha, kwani huingia kwa mkao mmoja tu.
- Tundu la duara, lililoandikwa COAXIAL. Linafanana sana na tundu la sauti ya kawaida, hivyo wengi hukosea na kuliunganisha moja kwa moja kwenye amplifaya. Sharti lipitie kwenye kigeuzi. Waya wa njano wa video unafaa kwa kazi hii.
- Tundu la HDMI lenye maandishi ARC. Matundu mengine ya HDMI ya televisheni hupokea tu, hayatoi sauti. Lile la ARC, lililoanza na toleo la HDMI la mwaka 2009, ndilo linaloirudisha sauti nje. Mkilitumia, kigeuzi nacho lazima kiwe kimeandikwa ARC.

3. Zimeni vyombo vyote, kisha unganisheni. Kutoka kwenye kigeuzi, waya mwekundu ni wa kulia na mweupe ni wa kushoto. Upande wa amplifaya tumieni tundu la AUX au CD. Msitumie PHONO, ambalo ni la santuri, wala la maikrofoni, kwa sababu yanakuza mno na sauti itakwaruza. Vigeuzi vingi vya aina hii hutumia umeme wa volti 5. Tumieni adapta iliyokuja nacho. Adapta ya volti 12 inaweza kukiunguza.

4. Wekeni televisheni kwenye PCM. Hapa ndipo tulipoanguka sisi. Tuliunganisha kila kitu sawasawa, spika zikakaa kimya. Tukakilaumu kigeuzi, tukanunua cha pili, navyo vyote viwili vikakaa kimya. Kosa lilikuwa kwenye menyu ya televisheni. Filamu nyingi huja na sauti iliyofungwa kwa mtindo wa Dolby Digital au DTS, kwa ajili ya nyumba zenye spika nyingi. Vigeuzi vya bei nafuu haviwezi kuufungua mzigo huo, hivyo hutoa kimya au mkwaruzo. Ingieni sehemu ya mipangilio ya sauti, tafuteni sauti ya dijitali, kisha chagueni PCM. Chombo chenyewe kitaufungua mzigo na kuutoa kama stereo ya kawaida. Kama deki ndiyo iliyounganishwa na kigeuzi, fanyeni hivyo kwenye menyu ya deki.

5. Anzeni na sauti ya chini. Teremsheni kitufe cha amplifaya kabisa, washeni televisheni na kigeuzi, na mwisho amplifaya. Kisha pandisheni polepole. Msishangae rimoti ya televisheni isipobadilisha sauti ya spika. Kwenye njia ya mwanga mara nyingi kazi hiyo hufanywa na amplifaya. Zimeni vispika vya televisheni ili sauti zisigongane. Kama maneno hayaendi sambamba na midomo, televisheni nyingi zina sehemu ya kurekebisha hilo kwenye menyu ileile.

6. Sikilizeni kama kuna mngurumo. Mngurumo mzito unaoendelea hata video ikisimama mara nyingi hutoka kwenye umeme wa ukutani, hasa vyombo vinapochomekwa kwenye soketi za mbali mbali. Vichomekeni vyote kwenye soketi moja ya pamoja. Waya wa mwanga husaidia kwa sababu haupitishi umeme. Ila msikate kamwe waya wa ethi ili kuondoa mngurumo, kwani waya huo ni kinga ya uhai wa watu.

7. Wekeni amplifaya karibu na televisheni. Waya wa mwanga uwe mfupi, mita chache tu. Waya za spika ndizo zivutwe hadi katikati ya ukumbi, ili sauti iwafikie wa nyuma bila kuwachosha wa mbele.

Tuliyojifunza

Kigeuzi na nyaya zake havikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya amplifaya tuliyokuwa tukiitaka. Tunakiri kwamba kigeuzi cha pili tulikinunua bila sababu. Tumekiandika hivyo kwenye taarifa ya fedha, na sasa kinatumika katika kigango cha jirani. Tunawaeleza wafadhili wetu jambo hili kwa sababu fedha yenu ni amana, nayo amana hutolewa hesabu hata pale tulipokosea.

Kubwa zaidi, amplifaya ya waumini imebaki mahali pake. Wale waliotoa kuku na debe la mahindi ili inunuliwe bado wanaisikia ikifanya kazi. Tulirudia somo la dalili za hatari, na safari hii tulimwomba mwezeshaji aanze maswali yake na mstari wa mwisho. Walijibu.

Tunashauri kila kamati ichore mchoro wa mpangilio wake kwenye karatasi: tundu lipi limeungwa na lipi, na menyu imewekwa wapi. Karatasi hiyo ibandikwe nyuma ya meza ya vyombo. Fundi wenu akihama, ujuzi usihame naye.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika ukumbi wetu, mtu anayekaa mstari wa mwisho anasikia nini? Nani amewahi kwenda kukaa huko na kusikiliza?
2. Je, kuna chombo tulichokiweka stoo kwa kudhani kimekufa, kumbe kimekosa kiunganishi tu?
3. Kabla ya kuomba fedha za chombo kipya, nani katika kamati anahakikisha kwamba kile cha zamani kimeshindwa kweli?
4. Ni vijana gani wawili tunaoweza kuwafundisha hatua hizi saba robo hii?

 Tuandikieni yale mtakayoyaona katika kumbi zenu, ili toleo lijalo tujifunze kutoka kwenu.