Kwa Nini Daktari wa Meno Hukwambia "Uma, Sasa Sugua"

Mkazi wa Kabati akijaziwa jino, daktari humalizia kwa jambo ambalo wengi hulidharau. Humwekea karatasi nyembamba ya rangi katikati ya meno na kumwambia: uma, sasa sugua kushoto, sugua kulia, leta taya mbele. Wapo wanaouma mara moja tu na kushuka kitini. Hapo wanajinyima sehemu muhimu ya matibabu, kwa kuwa taya la chini halifunguki na kufungwa tu kama mlango.

Weka ncha za vidole mbele ya masikio yote mawili, kisha fungua mdomo polepole. Mwanzoni utahisi mfupa ukizunguka pale pale. Mdomo ukishafunguka kama sentimita 2, vichwa vya taya huanza kuteleza kwenda mbele na chini. Watu wazima wengi hufungua mdomo kati ya milimita 40 na 50. Kati ya kila kichwa cha taya na kishimo chake kwenye fuvu kuna kisahani laini kinachosafiri nacho. Kisahani hicho kikihama, mtu husikia mlio akipiga mwayo. Mlio peke yake, bila maumivu wala mdomo kukwama, kwa kawaida hauhitaji matibabu.

Kutafuna ni hadithi nyingine. Taya ni mfupa mmoja wenye viungo viwili, kama nira juu ya mafahali wawili: fahali wa kushoto akitangulia, nira hugeukia kulia. Ukitafuna muthokoi upande wa kulia, kichwa cha taya cha kushoto ndicho kinachosogea mbele zaidi. Kwa hiyo jino lililojazwa linaweza kutulia vizuri ukiuma wima, lakini likagonga mara tu taya linapoenda kando. Karatasi ya rangi huacha alama pale panapogonga, na daktari hupapunguza. Pasipopunguzwa, jino huuma au kujaza kukavunjika.

Meno bandia nayo ni hivyo hivyo. Anayetengeneza bila kupima jinsi mataya ya mteja yanavyokutana humwachia meno yanayocheza na kutia vidonda kwenye fizi, na mzee huishia kuyaweka kwenye kikombe na kula uji. Mhudumu anayetembeza meno bandia sokoni aulizwe leseni kwanza. Madaktari wa meno husajiliwa na baraza lao la kitaifa, KMPDC.

Taya pia hutoka mahali pake. Mtu akipanua mdomo kupita kiasi, kwa mwayo au kicheko, vichwa vya taya vinaweza kuvuka nundu ya mfupa iliyo mbele ya kishimo na kushindwa kurudi. Mdomo hubaki wazi, mate yanatiririka, maneno hayatoki. Asipigwe kofi wala kuvutwa na majirani. Kidevu kishikiliwe kwa leso na apelekwe hospitali bila kukawia, kwa sababu misuli huzidi kukaza kadiri muda unavyopita. Mhudumu aliyefunzwa hukandamiza taya chini kwanza, kisha hulisukuma nyuma.

Jambo linalostahili kuzingatiwa zaidi na wazazi ni kidevu cha mtoto. Mtoto huanguka kutoka kwenye mwembe au kwenye bodaboda, kidevu kinapasuka, kinashonwa, na familia inarudi nyumbani ikishukuru. Lakini pigo la kidevu husafiri hadi kwenye shingo nyembamba ya mfupa karibu na sikio, na mara nyingi huko ndiko panapovunjika. Mtoto akiachwa taya lisisogee kwa maumivu, kiungo kinaweza kugandamana mfupa kwa mfupa. Mdomo hufunguka kidogo kila mwezi, meno hayafikiwi na mswaki, na kidevu hudumaa huku uso ukikua. Kufikia hapo, tiba ni upasuaji.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Mtoto ajaribu kuingiza vidole vyake vitatu, vikiwa vimepangwa wima, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Visipoingia, au kidevu kikienda upande mmoja anapofungua mdomo, au meno yasipokutana kama zamani, apelekwe kwa daktari wa meno hata kama kidonda kimepona. Mdomo unaokaza bila ajali pia usipuuzwe: huweza kuwa usaha wa gego la mwisho, au dalili ya kwanza ya pepopunda, na zote mbili ni dharura.

Kwa waendeshaji bodaboda kwenye barabara ya Kitui kuelekea Machakos, helmeti isiyofunika kidevu hulinda fuvu na kuliacha taya wazi.

Wakazi wanaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa ya kitengo cha meno katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, mjini Kitui. Mwambie daktari mtoto alianguka lini na kidevu kiligonga nini, hata kama imepita miaka mitatu.