Muulize Anachotaka Hasa

Wadogo zangu, leo tukae kitako tuzungumze kuhusu kununiana. Mnafanya kazi chumba kimoja, salamu inatoka kwa shida. Au nyumbani baba watoto kageukia ukuta, nawe unapakua chakula kimya kimya.

Mdogo wangu mmoja anauza kwenye duka la dawa. Yeye na mwenzake waligombania zamu ya asubuhi mpaka wakawa hawasemeshani. Nikamwuliza, "Mwenzako anaitakia nini hiyo asubuhi?" Kimya. Hakuwahi kuuliza.

Alipouliza, kumbe mwenzake anaogopa kushuka daladala saa tatu usiku na kupita uchochoroni peke yake. Yeye mwenyewe usiku haumsumbui, anakaa jirani na duka. Kinachomkaba ni mtoto anayetoka shule saa kumi. Basi wakakubaliana: mwenzake anashika asubuhi na anabaki mpaka saa kumi na moja. Kati ya saa kumi na saa kumi na moja yeye anamfuata mtoto, anamfikisha kwa bibi yake, anarudi kufunga duka. Saa ya ziada wanafidiana Jumamosi.

Angalieni, wangegawana nusu kwa nusu, wiki hii wewe, wiki ijayo mimi, ingeonekana ni haki, lakini kila mmoja angeteseka kwa zamu. Mary Parker Follett, Mmarekani aliyefundisha sana mambo haya, alilieleza jambo hili mwaka 1925 kwa kisa cha maktaba ya Harvard. Mmoja alitaka dirisha lifunguliwe, Follett alitaka lifungwe. Wakafungua la chumba cha pili ambako hapakuwa na mtu: mwenzake akapata hewa, naye upepo wa kaskazini haukumpiga. Hakuna aliyepoteza kitu.

Nyumbani ni vilevile, ila maneno huuma zaidi. "Umetuma tena hela kwenu!" Hapo umeshamshtaki, na mtu aliyeshtakiwa hujitetea. Jaribu hivi: "Nikiona hela imetoka bila kuambiwa naingiwa na hofu ya kodi. Kwenu kuna nini?" Kisha nyamaza, msikilize mpaka amalize. Na chagua saa. Usimvamie mlangoni ana njaa, usimsemee mbele ya watoto, na tafadhali, usimtumie sauti ya dakika nane kwenye WhatsApp akiwa kazini.

Lakini nawasihi, msinielewe vibaya. Mwanamume anayekupiga hana "anachotaka hasa" cha kujadiliwa; nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Bosi anayetaka mwili wako ili akupe mkataba naye ni wa kushtakiwa. Kuelewana ni kwa watu wawili ambao kila mmoja anaweza kusema hapana bila kuumizwa.

Mgogoro wa kawaida wa kazi ukiwashinda, kwa Tanzania kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Huko pia huanza msuluhishi kabla ya mwamuzi. Ila ukiachishwa kazi usikae ukisubiri hasira ipoe: malalamiko yapelekwe ndani ya siku 30.

Na wewe wa duka la dawa, hayo makubaliano yasiishie mdomoni. Yaandikeni kwenye karatasi moja, wote wawili mtie sahihi, mwende pamoja kwa meneja kabla hajabandika ratiba ya mwezi ujao.