Mvuje kwa Tumbo Lenye Riahi

SWALI: Nikila dengu tumbo hunijaa riahi. Je, tiba ya Kihindi ya Ayurveda ina dawa yake?

JIBU: Matabibu wa Ayurveda, ambao tangu kale huitakidi kwamba siha ya mwili hutegemea moto wa tumbo uitwao agni, huagiza mvuje, yaani utomvu mkavu wa mzizi utokao Uajemi na Afghanistan, ambao chembe yake (chembe, si kijiko!), yenye harufu ya kuudhi ikiwa mbichi, hukaangwa katika samli pamoja na bizari nyembamba hata inukie, kisha ikamiminwa juu ya dengu zilizoiva. Dawa yao nyingine, trikatu, yaani tangawizi kavu, pilipili manga na pilipili ndefu kwa vipimo sawa, ni kali mno; mwenye vidonda vya tumbo na ajiepushe nayo. Ukiona damu chooni, mwendee daktari bila kuchelewa.