Profoma umetuma, mteja anasema hajaiona: barua pepe yako imekwama wapi?



Swali hili nimeulizwa na watu kadhaa, kila mmoja kwa maneno yake: "Kaka, natuma profoma kwa barua pepe, kompyuta inaniambia imeenda, mteja anasema hajaona kitu. Shida nini?" Nalijibu hapa ili na wengine mfaidike. Najua wengi wenu mnauza kwa WhatsApp na Instagram, na kwa mteja wa doti mbili za kitenge WhatsApp inatosha kabisa. Ila siku ukianza kuuzia hoteli, shule, au zile ofisi za Posta na Kivukoni, utaombwa profoma kwa barua pepe. Mtu wa manunuzi hatakupigia simu kuuliza mbona hujatuma. Ataendelea na walioleta.

Ndivyo ilivyomkuta mama mmoja anayeuza mashuka na mapazia Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Dukani anauza kawaida, usiku anafanya mahesabu nyumbani kwenye kompyuta ya mezani yenye programu ya stoo na invoisi. Ana domeini yake ya .co.tz na anwani nzuri tu ya mauzo. Hoteli moja ya Zanzibar ikamwomba bei za mashuka, akajaza, akabonyeza kitufe cha kutuma, programu ikaandika "imetumwa". Kimya. Akatuma tena. Kimya. Akajiambia wamempata wa bei ya chini. Kumbe hata Ubungo ile barua haikufika. Haikutoka kwenye ile kompyuta.

Kabla ya kugusa setingi yoyote, jiulize barua imefika wapi. Njia ya barua pepe ina vituo: programu yako, seva ya kutuma, seva ya mpokeaji, halafu folda la mpokeaji. Ukiikuta imelala kwenye folda la "Outbox", haijaondoka kwako. Ikiwa "Sent" na ukapata barua ya kurudishwa, basi kuna seva imeikataa na imekuandikia sababu, isome, usiifute. Ikiwa "Sent" na hakuna kilichorudi, ama iko kwenye spamu ya mteja, ama iko kwenye foleni mahali. Na usisahau lile la kawaida kuliko yote: anwani imekosewa. Nimeshaona "gmail.con" na ".com" badala ya ".co.tz" mara nyingi kuliko hitilafu za seva.

Ya yule mama ilikuwa kwenye foleni. Kijana aliyemfungia programu aliweka kwenye nafasi ya seva ya kutuma neno "localhost". Neno hilo maana yake ni kompyuta hii hii, ndiyo ile 127.0.0.1. Yaani programu ilikuwa inaikabidhi barua kwa seva ndogo ya barua iliyomo ndani ya kompyuta ya nyumbani. Kifurushi cha XAMPP cha Windows, kwa mfano, kinakuja na seva ya namna hiyo, inaitwa Mercury. Seva ile inapokea barua, inajibu "sawa, nimepokea", na programu yako inaandika "imetumwa". Haidanganyi, imeshakabidhi. Tatizo ni kwamba aliyekabidhiwa hana njia ya kutoka.

Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nikae kidogo.

Seva mbili za barua zinapopelekeana mzigo zinatumia poti namba 25. Kwa sababu ya virusi vinavyogeuza kompyuta za watu kuwa mitambo ya spamu, watoa huduma wengi wa intaneti, huku kwetu na duniani kote, wanaifunga poti 25 kwa wateja wa majumbani. Hata ikiwa wazi, intaneti ya nyumbani au ya laini ya simu inakupa anwani ya IP inayobadilika, mara nyingi unachangia na mamia ya watu usiowajua. Wapo wanaotunza orodha za anwani kama hizo. Shirika la Spamhaus lina orodha iitwayo PBL, ni ya anwani ambazo hazitarajiwi kupeleka barua moja kwa moja kwa seva za wengine. Kuwemo humo haimaanishi umefanya kosa. Ni sawa na kusema: huyu ni mkazi, siyo posta. Seva ya mpokeaji ikiona barua inatoka kwa mkazi moja kwa moja, inaikataa kwa namba 550 au 554.

Nilipofungua ile seva ya ndani nikakuta barua 41 kwenye foleni. Na angalia hili: seva ikishindwa kwa siku kadhaa huwa inaandika barua ya kukujulisha kwamba imeshindwa. Lakini sanduku la huyu mama liko kwa kampuni inayomhifadhia tovuti, kwa hiyo hata taarifa ya kushindwa ilitakiwa ipite poti 25 ile ile iliyofungwa. Ndiyo maana hakuwahi kujua.

Unaweza kujipima mwenyewe. Kwenye Windows fungua PowerShell, andika hivi, ukiweka domeini yako:

Test-NetConnection mail.jinalako.co.tz -Port 25

Kisha rudia ukiweka 587 badala ya 25. Kwenye mstari wa TcpTestSucceeded, ukiona False kwa 25 na True kwa 587, ushajua ugonjwa. Poti 587 ndiyo ya mtumiaji kukabidhi barua kwa seva yake baada ya kujitambulisha, na kwa kawaida haifungwi. Ipo na 465, kazi ile ile, ila yenyewe inaanza na usimbaji tangu mwanzo wa muunganisho.

Dawa yake ni ndogo kuliko maelezo. Kwenye programu, toa "localhost", weka jina la seva ya kampuni inayokuhifadhia barua, poti 587, usimbaji wa STARTTLS, jina la kuingilia ni anwani nzima pamoja na @, na nywila. Kwenye Outlook na Thunderbird hakikisha seva ya kutuma nayo imewekewa jina na nywila, siyo ya kupokea peke yake. Ukikosea hapo utaona namba 535. Unaweza pia kuiacha seva ya ndani na kuiambia ikabidhi barua zote kwa seva kubwa kupitia 587. Inawezekana, lakini mimi siipendi. Ni kitu kingine cha kuharibika umeme ukikatika, kwa faida usiyoiona.

Na hapa kuna mtego wa kibiashara ambao fundi wa kompyuta hataufikiria. Usifungue njia kabla hujaifuta foleni! Zile barua 41 zingetoka zote kwa mpigo, na ndani yake mlikuwa na profoma za bei za miezi iliyopita, kabla mzigo haujapanda. Mteja akikubali bei ya zamani kwa maandishi, utajibu nini? Tulizipitia moja moja, tukafuta, akaandika upya zile zilizokuwa bado na maana. Ile ya hoteli haikuwa na maana tena. Walishanunua.

Wanaotumia Gmail kwenye programu za invoisi: tangu tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kukubali programu za nje kuingia kwa nywila ya kawaida. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nywila ya programu, ile ya herufi 16, ndiyo uiweke. Na Gmail ya bure ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku, usiitumie kumwaga matangazo.

Tuje kwenye kupokea. Bongo barua za karatasi hatuletewi mlangoni, tuna S.L.P. Mtu akikuandikia anaweka namba ya sanduku, na posta inajua sanduku hilo liko tawi gani. Rekodi ya MX ya domeini yako ndiyo hiyo: inaitangazia dunia kwamba barua za jinalako.co.tz zipelekwe seva fulani. Ukihama kampuni ya kuhifadhi tovuti ukasahau kubadilisha MX, barua zinaendelea kwenda sanduku la zamani wakati wewe unachungulia jipya. Iangalie hivi:

nslookup -type=mx jinalako.co.tz

Likija jina la kampuni uliyoihama miaka miwili iliyopita, hilo ndilo tatizo lako. MX inatakiwa ielekeze kwenye jina la seva, siyo namba za IP, na zikiwa mbili, yenye namba ndogo ndiyo inajaribiwa kwanza. Isipokuja kabisa, angalia kama umelipia domeini. Domeini unailipia kwa msajili wako, na ukumbusho wa malipo unatumwa kwa barua pepe. Ikiwa anwani uliyojisajilia nayo ni ya domeini hiyo hiyo, ikishakufa hata ukumbusho hautaupata. Weka anwani nyingine kwa msajili.

Upo ugonjwa mmoja unaowasumbua wanaoweka tovuti kampuni moja na barua kampuni nyingine. Barua za watu wote zinafika vizuri, ila zile za fomu ya oda kwenye tovuti yako hazifiki. Seva ya tovuti inadhani na barua za domeini hiyo ni zake, inazipeleka kwenye sanduku la ndani ambalo hakuna anayelifungua. Kwenye paneli ya cPanel, sehemu ya "Email Routing", chagua "Remote Mail Exchanger". Nimeshakuta oda za mwezi mzima zimelala humo.

Sasa spamu. Barua za yule mama zilipoanza kutoka, ziliangukia kwenye spamu kwa sababu domeini ilikuwa na rekodi mbili za SPF. SPF ni orodha ya seva ulizoziruhusu zitume kwa jina lako. Alipewa moja na kampuni ya tovuti, nyingine na huduma ya kutuma matangazo, na zote zikabandikwa. Sheria ni rekodi moja tu kwa domeini. Zikiwa mbili, hesabu inaharibika na unahesabiwa kama umefeli. Unaziunganisha kuwa mstari mmoja unaoanza na v=spf1, kila huduma na "include:" yake, unaishia na ~all. Pamoja na hiyo washa DKIM kwenye paneli. Hiyo ni muhuri unaogongwa kwenye kila barua, na mpokeaji anautambua kwa ufunguo uliouweka kwenye DNS. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanadai walau SPF au DKIM kwa kila mtumaji, na kwa anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda kwa watu wa Gmail, vyote viwili pamoja na DMARC.

DMARC wengi wanairuka kwa kuwa "mimi situmi nyingi hivyo". Mimi naona ni ya kwetu kuliko ya wakubwa. Mtu anaweza kumwandikia mteja wako barua yenye anwani yako kamili ya mauzo, profoma yenye nembo yako, namba ya akaunti tu ndiyo siyo yako. DMARC ni agizo unaloliweka kwenye DNS kwa jina _dmarc, linaloziambia seva za wengine zifanye nini na barua isiyopita ukaguzi. Anza na p=none wiki chache, ujiridhishe barua zako halali zote zinapita, ndipo upande hadi quarantine, kisha reject. Haizuii mtu aliyeiba nywila yako, wala aliyesajili jina linalofanana na lako kwa herufi moja pungufu. Kwa hiyo waambie wateja wenu wa mizigo mikubwa kabisa: namba ya akaunti ikibadilika, wapige simu kwa namba waliyokuwa nayo tangu zamani, siyo iliyoandikwa kwenye hiyo barua.

Ukishamaliza kurekebisha subiri kidogo, mabadiliko ya DNS hayaonekani kote papo hapo. Kisha jitumie barua kwenye Gmail, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu, chagua "Show original". Juu kabisa utaona SPF, DKIM na DMARC. Unatafuta neno PASS kwenye zote.

Na kama programu inalalamika kuhusu cheti cha usalama, na jana ilikuwa inafanya kazi, angalia saa ya kompyuta. Kompyuta za zamani betri yake ndogo ya CR2032 ikiisha, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka, na cheti cha leo kinaonekana hakijaanza. Betri inauzwa kwenye maduka ya saa.

Aliyekwama anakili ujumbe wote wa kosa pamoja na ile namba ya tarakimu tatu, aubandike kwenye maoni hapa chini. Anwani za wateja wako zifute kwanza. Nywila usinitumie, hata inboksi.