Mtoto Ametoka Thieta, Matibabu Hayajaisha
Elimu kwa wazazi na walezi wa Chang'ombe na Temeke

KWA NINI KIJITABU HIKI
Malalamiko ni yale yale: mtoto ameshapasuliwa uvimbe wa ubongo, mbona bado anazungushwa? Hazungushwi. Soma mpaka mwisho.

DALILI
Kichwa kuuma alfajiri, kutapika bila homa wala kuharisha, kuyumba akitembea, makengeza ya ghafla. Nenda kituo cha afya upewe rufaa ya Hospitali ya Temeke, kisha Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Upanga. Ndiyo, ya mifupa: ndiko waliko mabingwa wa upasuaji wa ubongo. Zamani tiba nyingi za namna hii zilimaanisha safari ya India. Leo zinafanyika hapa hapa, na tunajivunia.

HATARI KUBWA
Uvimbe mwingi wa watoto huota upande wa kisogoni na kuziba njia ya maji ya ubongo. Mara nyingine madaktari huanza kwa kuweka mrija wa kuyashusha maji hayo tumboni. Kutapika kunakoma, mtoto anaomba chai na chapati, mzazi anafunga virago. KILICHOTOKA NI MAJI. UVIMBE BADO UPO.

Hata uvimbe ukitolewa, subiri majibu ya maabara. Uvimbe wa aina ya astrositoma isiyo kali, ukitoka wote, mara nyingi hubaki kufuatiliwa kwa vipimo tu. Meduloblastoma ni saratani. Mbegu zake husambaa kwenye maji ya ubongo na uti wa mgongo, na kisu hakizifikii. Kwa kawaida huhitaji mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road wiki 4 hadi 6 baada ya upasuaji, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6 hivi, pamoja na dawa. Walio chini ya miaka 3 hupangiwa tofauti. Katika nchi tajiri, watoto 7 hivi kati ya 10 huvuka miaka 5. Aliyekatizwa matibabu asitegemee hesabu hiyo.

AKINYAMAZA
Baadhi ya watoto hupoteza usemi siku chache baada ya upasuaji wa kisogoni. Hajarogwa. Wengi huanza kusema tena baada ya wiki au miezi. Usimtoroshe wodini kumpeleka kwa mganga.

GHARAMA
Msamaha upo kwa wanaostahili. Masharti atayaeleza ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Usikimbie bili kabla ya kumwona.

KUMBUKA
Tarehe ya kliniki isipite. Hata akionekana mzima, mlete. Kuumwa kichwa au kutapika kukirudi, usingoje tarehe: mlete siku hiyo hiyo.