Jazi Nayo Ina Mizani

Ukisikia neno jazi bila shaka unakumbuka Shirati Jazz ya D.O. Misiani au TPOK Jazz ya Franco. Bendi hizo zilijiita jazi, lakini muziki wao hasa ulikuwa benga na rumba, na gitaa ndilo lililotawala. Jazi ninayoieleza hapa ilianzishwa na Wamarekani weusi mjini New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20, na piano ni mojawapo ya ala zake kuu.

Mimi si bingwa. Nyumbani hatuna kinanda. Nilijifunza kwa kinanda cha kanisa, Jumamosi, kwaya ikishamaliza mazoezi. Muhula wa pili mwalimu wa muziki akaniambia, "Wewe utatupigia jazi Siku ya Wazazi." Nikaitika tu, "Sawa mwalimu," huku moyo ukinidunda.

Kwanza tuelewe muundo. Kila mwanachama wa chama chetu anajua kuwa shairi lina vina na mizani. Bluzi, ambayo ni mojawapo ya mizizi ya jazi, nayo ina kanuni. Ubeti wake wa kawaida una vipande 12, kila kipande mapigo 4. Jumla mapigo 48. Mkono wa kushoto hupiga noti tatu kwa pamoja, hivi:

Kipande cha 1 hadi 4: do-mi-so
Cha 5 na 6: fa-la-do
Cha 7 na 8: do-mi-so
Cha 9: so-ti-re
Cha 10: fa-la-do
Cha 11 na 12: do-mi-so

Kisha unarudi mwanzo. Mkono wa kulia ndio unaotunga papo hapo. Ni kama malumbano ya washairi: kanuni zimewekwa, maneno ni yako. Kwa hivyo anayedhani jazi ni kupigapiga ovyo amekosea sana.

Siku ikafika. Kinanda kilikuwa cha kuazima na, kosa langu, sikukijaribu. Mama alikuwa safu ya tatu, amefunga duka lake ili aje. Nilianza vizuri mpaka kipande cha 5. Nikabonyeza fa ya chini. Kimya! Kitufe kilikuwa kimekufa. Nikashtuka, nikaacha kuhesabu, vidole vikaganda. Vijana wa nyuma wakaangua kicheko.

Lakini mwenzangu wa kidato cha nne aliyepiga ngoma hakusimama. Ubeti mpya ulipoanza alipiga vishindo viwili, kama tulivyozoea mazoezini, nami nikaingia naye. Zamu ya fa ilipofika nikahamisha mkono, nikatumia fa ya juu. Tukapiga beti sita, na wale wa kucheka wakawa wanapiga makofi.

Baadaye mwalimu alinisimulia habari za Keith Jarrett. Tarehe 24 Januari 1975, mjini Cologne, Ujerumani, alikuta piano mbovu, ndogo kuliko aliyoitaka, na noti zake za juu zina sauti mbaya. Alikataa kupiga. Aliyembembeleza ni Vera Brandes, msichana wa miaka 18 aliyeandaa tamasha hilo. Jarrett akakubali, akategemea zaidi noti za katikati. Rekodi ya usiku ule imeuzwa kwa mamilioni.

Wenzangu, haya ndiyo niliyojifunza: jua kanuni kabla ya kutunga, ukipotea usiache kuhesabu, msikilize mwenzako, na ala ikikosa noti moja, tumia zilizobaki.

La tano nilifunzwa na mama njiani. Aliuliza, "Mwanangu, mbona ulinyamaza pale mwanzo?" Nikamweleza kisa cha fa. Akasema, "Mimi mizani yangu ya dukani huijaribu kila asubuhi, kabla mteja hajaja."

Sikuwa na jibu. Mwaka huu nitafika mapema.