JE, APSKELA HUONGEZA UTAMU WA SAUTI?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mpenzi msomaji, swali la makala haya lilizaliwa katika karakana ya mjomba wangu, ambaye ni fundi wa redio. Likizo ya Aprili, mteja mmoja alileta kigeuzi chake cha bei ghali kitiwe waya mpya. Kigeuzi ni chombo kinachopokea namba kutoka kwa CD au kompyuta na kuzigeuza ziwe umeme, ambao huenda kwa amplifaya na hatimaye kwa spika.

Mteja akauliza, "Fundi, nikinunua apskela niiunganishe na hiki kigeuzi, nitasikia tofauti?"

Mjomba akisema ndiyo, ataagiza kile kisanduku na kupata kamisheni. Na kodi ya karakana mwezi huo ilikuwa haijalipwa! Alifikiri kidogo, akajibu, "Nipe wiki moja." Kisha akanigeukia: "Mpwa wangu, si wewe unasoma fizikia? Haya, tutafute jibu."

1. Sauti huwekwaje kwa namba?

Sauti ni wimbi. CD, ambazo zilianza kuuzwa mwaka wa 1982, hupima wimbi hilo mara 44,100 kwa kila sekunde. Kila kipimo ni kama nukta kwenye karatasi ya grafu. Kazi ya kigeuzi ni ile tunayopewa na mwalimu wa hisabati: unganisha nukta kwa mkunjo laini, usitumie rula.

Wengi hudhani kwamba kati ya nukta na nukta kuna sauti iliyopotea. Hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe sivyo. Mwaka wa 1949 Mmarekani Claude Shannon alichapisha uthibitisho kwamba nukta zikizidi maradufu ya mtetemo wa juu kabisa, basi ni wimbi moja tu linaloweza kupita katika nukta hizo zote. Sikio la binadamu husikia mpaka kama mitetemo 20,000 kwa sekunde. Maradufu yake ni 40,000. Basi 44,100 inatosha.

2. Apskela hufanya nini?

Tuchukue mfano wa Hugo M Scaler, iliyotolewa na kampuni ya Chord Electronics ya Uingereza mwaka wa 2018. Hupokea nukta 44,100 na kutoa 705,600, yaani mara 16. Kati ya kila nukta mbili huongeza nyingine 15. Je, hizo zinatoka wapi? Hazitoki kwa mwimbaji, ng'o! Zinakokotolewa kutokana na nukta jirani kwa hesabu iitwayo kichujio. Ukubwa wa kichujio huhesabiwa kwa tapu. M Scaler ina tapu 1,015,808.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji hulipita haraka. Karibu kila kigeuzi cha kisasa huongeza nukta chenyewe, ndani kwa ndani. Kigeuzi cha DAVE cha kampuni hiyo hiyo, kilichotoka mwaka wa 2015, kina tapu 164,000 zake. Kwa hiyo swali si kama nukta ziongezwe au zisiongezwe. Swali ni kama kisanduku cha nje kinazikokotoa vizuri zaidi kiasi cha kusikika.

3. Hoja za pande mbili

Rob Watts, aliyebuni vyombo hivyo, husema kwamba fomula kamili inahitaji tapu zisizo na mwisho. Tapu zikiwa nyingi, mwanzo wa mlio, kama vile kofi la ngoma, huangukia wakati wake barabara. Kihesabu anasema kweli: kichujio kirefu hukaribia zaidi ile fomula.

Wapinzani nao husema kwamba kigeuzi kizuri kimekwisha kuikaribia vya kutosha, na kosa lililobaki ni dogo mno kwa sikio. Tena, wimbo uliorekodiwa vibaya hautengenezwi na tapu hata zikiwa milioni kumi.

4. Jaribio letu

Hatukuwa na apskela, lakini kuna programu ya kompyuta inayofanya hesabu ya aina hiyo. Tulitengeneza nakala mbili za wimbo mmoja: moja ya 44,100 na nyingine iliyokuzwa hadi 176,400. Mjomba akazicheza nikiwa nimempa mgongo. Mara 9 kati ya 10 nilionyesha nakala moja, nikasema, "Hii tamu ndiyo imekuzwa!"

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Ile niliyoisifu ilikuwa ya asili! Programu ilikuwa imepunguza nguvu ya ile iliyokuzwa kidogo sana isije ikakwaruza, na sikio hupenda kilicho juu zaidi. Basi tukasawazisha nguvu kwa mita ya umeme, tukarudia. Nikapata 6 kati ya 10. Nilifurahi, mpaka nilipokokotoa kwamba ukirusha sarafu mara 10, uwezekano wa kupata vichwa 6 au zaidi ni kama asilimia 38. Yaani nilikuwa nabahatisha tu.

Wataalamu nao wamejaribu kitu kinachokaribiana na hiki. Mwaka wa 2007 Meyer na Moran wa Marekani walilinganisha rekodi zenye nukta nyingi kweli na zilezile zikiwa zimepitishwa kiwango cha CD. Katika majaribio 554, wasikilizaji walipatia asilimia 49.8. Mwaka wa 2016 Joshua Reiss wa London alijumlisha tafiti 18, akapata asilimia 52.3, ingawa waliofunzwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Ikiwa nukta halisi zatambulika kwa shida hivyo, je, zile za kukokotolewa?

5. Hitimisho

Jaribio letu lilikuwa dogo, wala si la M Scaler yenyewe. Lakini tumejifunza mawili. Kwanza, apskela haiongezi habari yoyote katika wimbo. Huongeza hesabu tu. Pili, usiamini sikio lako kabla hujasawazisha nguvu na kufichwa kinachochezwa.

Mjomba alimweleza mteja hayo yote. "Ukipata wa kukuazima," akamwambia, "jaribu macho yamefumbwa, mara 20. Ukishindwa, kaa na pesa zako." Mteja hakununua. Kamisheni ikaenda, na kodi ikachelewa wiki mbili. Lakini tangu siku hiyo yule bwana ameleta wateja wanne, na kila mmoja huingia akisema, "Nimeambiwa huyu fundi hadanganyi."

Zoezi
(a) Nukta 48,000 zikikuzwa mara 16, zitakuwa ngapi?
(b) Kwa nini ni lazima kusawazisha nguvu ya sauti kabla ya kulinganisha?
(c) Ungekuwa wewe ndiwe fundi, ungemjibuje mteja? Jadili na mwenzako.

Kidato cha Tatu, Mashariki